Hakutaja namba ya siri, lakini pesa zilitoka

Mwalimu hakumtajia mtu yeyote namba yake ya siri. Alisema hivyo kwa mhudumu wa benki, akarudia kwa askari aliyekuwa zamu kituoni, akarudia tena kwa mwanawe aliyepiga simu kutoka Dar es Salaam akiwa amefura kwa hasira. Wote walimsikiliza kama anavyosikilizwa mzee anayeficha aibu. Kumbe alikuwa anasema kweli tupu. Ule ushauri tunaowaimbia wazee kila siku, usimpe mtu namba yako ya siri, yeye aliufuata neno kwa neno, na bado Jumamosi moja ya Septemba shilingi 2,850,000 zilihama kwenye akaunti yake ndani ya dakika tano.

Ninafanya kazi ya uwakala wa miamala Ipagala, Dodoma mjini, na kila mwisho wa mwezi wastaafu ndio wateja wangu wakubwa. Mwalimu ni mmoja wao. Ameniruhusu nieleze kisa chake kwa masharti: nisitaje jina lake, nisitaje benki yake, na nisimfanye kichekesho. Hilo la tatu amelisisitiza kuliko mengine, na ana haki.

Hali ilivyokuwa kabla

Ana miaka 67. Alifundisha shule za msingi, akastaafu kwa lazima alipofikisha 60, na pensheni yake huingia benki kila mwezi. Ana shamba dogo la zabibu upande wa Hombolo. Zabibu za huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, na Septemba ile alikuwa ameshalipwa mzigo wa msimu wa pili. Ndiyo maana akaunti ilikuwa na shilingi 3,240,000, kiasi ambacho si kawaida yake. Miezi mingine pensheni ikiingia huitoa kidogo kidogo, na kufikia tarehe za katikati imekwisha.

Mshamba wa simu hakuwa. Salio alikuwa akiangalia mwenyewe kwa ile menyu ya nyota na reli, umeme wa LUKU ananunua mwenyewe, ada ya wajukuu anatuma mwenyewe. Kitu ambacho hakuwahi kukigusa ni programu ya benki ya kwenye simu janja. Simu janja aliletewa na mwanawe kwa ajili ya WhatsApp na picha za wajukuu, ikaishia hapo.

Nataka tusimame kidogo hapa, kwa sababu nasikia neno hili kibandani karibu kila wiki: "Mimi mambo ya mtandaoni siyawezi, natumia menyu tu." Mzee anayesema hivyo anaamini yuko mbali na hatari. Lakini akaunti yake ikishaunganishwa na namba ya simu, programu ya benki inaweza kuwashwa kwa jina lake hata kama yeye hajui inafananaje. Kwa benki ya Mwalimu vilitosha vitu vitatu: namba ya akaunti, tarakimu sita za uthibitisho zinazotumwa kwa meseji, na namba ya siri ile ile ya kwenye menyu. Nafasi ya programu ilikuwa wazi miaka yote hiyo. Aliyekuja kuijaza wa kwanza akawa mwizi.

Simu yenyewe

Ilipigwa saa kumi na dakika kumi jioni. Mwalimu alikuwa uani anachambua mchicha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kijana akamtaja kwa majina yake yote matatu, akamuuliza kama ni yeye mwalimu mstaafu, akajitambulisha kuwa anapiga kutoka makao makuu ya mfuko wa pensheni. Akasema uhakiki wa Mwalimu haukukamilika, na mfumo unafungwa jioni hiyo. Asipohakikiwa sasa, jina linaondoka kwenye orodha ya malipo ya mwezi ujao, na kulirudisha huchukua miezi. Kisha akatia ombi lililobeba kazi yote: "Naomba usikate simu mama, ukikata tunaanza upya."

Uhakiki ni neno lenye uzito kwa mstaafu. Ni jambo la kweli, hufanyika, na asiyehakikiwa pensheni husimama. Siku hizi PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wana programu yao, PSSSF Kiganjani, ambayo mstaafu anaweza kujihakiki humo kwa sura bila kupanga foleni. Kwa hiyo mtu kupiga simu na kutaja uhakiki na mfumo hakumshangaza Mwalimu hata kidogo. Mwizi aliingilia mlango uliozoeleka.

Majina matatu aliyapataje? Hapo hapahitaji uchawi. Anza tu kumtumia mtu pesa kwa simu, kabla hujathibitisha jina lililosajili laini linakuja lenyewe kwenye kioo, unalisoma, unaghairi. Kuhusu kustaafu, tazama makundi ya WhatsApp ya michango: jina, namba ya simu, kiasi, "Mwl. mstaafu" pembeni, orodha inasambazwa kwenye makundi mengine kumi. Bado hatujafika kwenye vivuli vya vitambulisho vinavyoachwa kwenye maduka ya kudurufu.

Maswali yalifuatana kama yale ya ofisini kabisa: cheki namba (namba ya utumishi), mwaka wa ajira, shule ya mwisho kufundisha, namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa, akaunti inayopokea pensheni. Mwalimu alijibu yote. Kisha akaambiwa itaingia meseji ya uhakiki, aweke simu spika, asome tarakimu. Ikaingia. Meseji hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, tarakimu sita zimewekwa mwanzo, na onyo la kutompa mtu namba hizo limekaa mkiani. Nimeiona. Mwalimu Kiingereza anakisoma vizuri, lakini kijana alikuwa anamwongoza, "Soma hapo mwanzo mama, mpaka namba inapoishia, basi," na yeye akaishia pale pale alipoambiwa aishie.

Baada ya hapo kijana akaanza porojo za kumpoza: hali ya hewa ya Dodoma, mvua mwaka huu, wajukuu wangapi. Akamtahadharisha kwamba zitaingia meseji kadhaa, asizisome, ni mfumo unasafisha taarifa za zamani. Zikaingia tatu. Saa kumi na dakika ishirini na sita, milioni moja. Dakika ya ishirini na nane, milioni moja. Dakika ya thelathini na moja, laki nane na nusu. Kila moja ilikwenda kwenye laini tofauti ya simu. Kisha kijana akamshukuru, akamtakia jioni njema, akakata.

Namba ya siri ilitokea wapi

Mwalimu alikuwa ameitumia namba moja tangu afungue huduma ya simu: mwaka wake wa kuzaliwa. Kwa hiyo alipotaja tarehe ya kuzaliwa alikuwa ameitoa namba ya siri bila kujua kwamba anaitoa. Na hata kama angekataa kutaja tarehe, namba ya NIDA peke yake ilitosha. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, zimepangwa kwa mstari. Kila fomu tunayoandika namba ya NIDA, tunaandika na hizo.

Hesabu yake ni hii. Tarakimu nne zinaweza kupangwa kwa namna 10,000. Mstaafu mwenye miaka kati ya 60 na 85 akichagua mwaka wake wa kuzaliwa, amebakiza namna 26. Mwizi aliyeshika namba ya NIDA amebakiza moja. Benki hufunga akaunti ukikosea namba ya siri mara kadhaa, ni kweli, lakini huyu hakuhitaji kukosea hata mara moja.

Wateja wangu wengi wa umri huo wanatumia mwaka. Nawajua kwa sababu wengine hunisomea kwa sauti, foleni nzima ikisikia, huku nimegeuza uso ukutani na kumwambia, "Bibi, bonyeza mwenyewe." Wanachagua mwaka kwa sababu benki iliwaambia wachague namba wasiyoisahau. Waliambiwa mapema kitu cha kukumbuka. Cha kuepuka hawakuambiwa.

Saa moja na nusu iliyopotea

Mwalimu alizisoma zile meseji saa kumi na moja na dakika tano, baada ya kumaliza mchicha. Kuanzia hapo hadi akaunti kufungwa ilipita karibu saa moja. Ukijumlisha na muda wa kabla, mwizi alikuwa na kama saa moja na nusu ya kutoa pesa. Nimemuuliza saa hiyo ilikwendaje, na sijamuuliza kwa kumlaumu.

Kwanza alikaa. Halafu akampigia kijana yule, simu haipatikani. Halafu akampigia mwanawe wa Dar, ambaye akampigia dada yake wa Morogoro, ambaye akaandika kwenye kundi la ukoo, na kundi la ukoo likafanya kama yanavyofanya makundi ya ukoo. Mmoja akashauri polisi. Mwingine akashauri kumpigia mkwe anayefanya kazi benki nyingine. Wa tatu akauliza kwa nini mama aliachiwa simu. Aliyekata mjadala ni mjukuu wa kidato cha pili, aliyeigeuza kadi ya benki na kupiga namba iliyoandikwa nyuma yake.

Ukiibiwa, simu ya kwanza ni hiyo. Mwana anaweza kungoja, ukoo unaweza kungoja, na kituo cha polisi nacho kinaweza kungoja nusu saa. Benki ikishafunga akaunti, simu ya pili ni kwa huduma kwa wateja wa mtandao ambao laini iliyopokea pesa ni yake, uwasomee namba iliyopokea na kumbukumbu ya muamala kutoka kwenye meseji, waombwe wazuie. Milioni mbili za kwanza zilikuwa zimeshatolewa kwa mawakala nje kabisa ya mkoa. Zile laki nane na nusu zilikutwa bado ziko kwenye laini. Zilizuiwa usiku ule ule.

RB, ile namba ya taarifa ya polisi, walichukua kesho yake asubuhi, Jumapili. Kudanganya kwa njia ya kielektroniki na kujifanya mtu mwingine ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na bila karatasi ya polisi pesa iliyozuiwa haimrudii mwenyewe. Namba iliyopiga walituma kwenda 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli. Hiyo hairudishi pesa, lakini laini hufuatiliwa na kufungwa.

Kibandani kwangu tulifanya jambo jingine ambalo halikuwa kwenye mpango. Nilimwambia apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Zilikuja tatu. Mbili anazijua. Ya tatu, ya mtandao ambao hajawahi kuutumia, hakuwa na habari nayo. Akakumbuka kijana wa mwamvuli aliyemsajilia laini wakati ule wa usajili wa alama za vidole, mwishoni mwa 2019: "Mama kidole hakijasoma, weka tena." Laini hiyo haikuhusika na wizi wa Septemba. Ila kama ingekuwa imetumika kumwibia mtu mwingine, askari wangebisha hodi kwa Mwalimu. Alikwenda duka la mtandao huo na kitambulisho chake, wakaiondoa. Wewe unayesoma, piga leo. Ni bure.

Adabu iliyogeuzwa mtego

Nilipomuuliza Mwalimu kwa nini hakukata simu hata pale moyo ulipoanza kusita, alinijibu: "Kijana ana adabu vile, kanisalimia vizuri, ningemkatiaje?" Alisita, basi. Aliniambia alisita alipoambiwa asizisome meseji.

Jibu hilo ndilo kiini cha kisa, kwa maoni yangu. Mafunzo tunayowapa wazee yanahesabu siri: hii usitaje, ile usitaje. Mwizi anahesabu malezi. Anajua kwamba mtu aliyelelewa kuitikia shikamoo hawezi kumwacha msalimiaji hewani, na kwamba maadamu mazungumzo yanaendelea, siri itatoka kwa mlango mmoja au mwingine, hata kama ni kwa jina la tarehe ya kuzaliwa. Kumkumbusha mzee orodha ya siri wakati simu iko sikioni na mtu anamharakisha ni kumpa mzigo asioweza kuubeba wakati huo. Kinachohitajika ni sentensi ya heshima ya kumalizia simu, aizoee hadi iwe ya mdomoni.

Mwalimu sasa ana yake: "Nimekusikia mwanangu, nakuja ofisini mwenyewe." Halafu anakata.

Kwa mkazi wa Dodoma sentensi hiyo ina meno. Makao makuu ya PSSSF yako hapa. Makao makuu ya Benki Kuu yako hapa. Wizara ziko Mtumba. Mtu anayesema anapiga kutoka makao makuu anampigia mtu anayefika huko kwa daladala. Mzee wa Mpwapwa au Kondoa hawezi kusema atafika kesho asubuhi, lakini anaweza kusema atakwenda tawini, na aseme hivyo hivyo. Kama simu ilikuwa ya kweli, hakuna kitakachoharibika. Ofisi ya kweli humngoja mtu.

Jumatatu iliyofuata sentensi ilipata kazi. Alipiga mwingine, sauti nzito safari hii, akajitambulisha kuwa wa kitengo cha mitandao cha polisi, akasema pesa zake zimepatikana zote, atume shilingi 85,000 za kufungulia faili. Wezi wa aina hii hurudi kwa mtu yule yule, kwa kuwa wanajua ana kiu ya kurudishiwa. Mwalimu akasema, "Nimekusikia mwanangu, nakuja kituoni mwenyewe, niko Dodoma hapa hapa." Yule akakata kabla yake.

Mwanawe na suala la nani ashike simu

Mwanawe alikuja wikiendi ile na uamuzi tayari: laini ya benki aishike yeye, mama awe anaomba. Namwelewa. Ila nimeona kibandani pesa za wazee zikipungua mikononi mwa "anayemsaidia bibi" pia, na huko hakuna pa kuchukulia RB, kwa sababu hakuna bibi atakayemshtaki mjukuu. Mwalimu mwenyewe alikataa kwa maneno machache: "Nimewafundisha watoto wa watu kuhesabu miaka yote hiyo, leo mimi nihesabiwe?"

Walichokubaliana kinanipendeza. Akaunti ya pensheni imeondolewa huduma ya simu kabisa. Anachukua pesa dirishani au kwa kadi. Amefungua akaunti ya pili ndogo, iliyounganishwa na simu, na kila mwezi anahamishia humo matumizi tu. Kiwango cha juu cha kutuma kwa siku kwenye hiyo ndogo kimeshushwa hadi laki mbili. Kushusha kiwango inawezekana, unaomba tawini, ingawa mhudumu alishangaa kidogo, kwani watu huja kuomba kipandishwe. Programu ya benki wameiwasha kwenye simu ya Mwalimu mwenyewe, ili nafasi isibaki wazi. Namba ya siri ni mpya. Aliichaguaje sijui, hakuniambia, na ndivyo inavyotakiwa.

Yaliyobaki

Laki nane na nusu zilirudi baada ya taratibu za polisi na mtandao. Milioni mbili hazijarudi.

Benki ilimjibu kwa barua kwamba miamala ilithibitishwa kwa namba ya siri sahihi, hivyo haihusiki. Mwalimu, kwa mwandiko wake wa ubaoni, ameandika barua ya kurasa mbili kuwauliza maswali ambayo mimi pia ningependa yajibiwe. Mteja asiyewahi kutumia programu anaiwasha kwenye simu mpya, na dakika chache baadaye anatuma kiasi kinachozidi pensheni yake ya mwezi mara kadhaa kwa laini tatu asizowahi kuzitumia: kwa nini hakukuwa na kusubiri hata kwa saa chache? Kwa nini hakuna aliyempigia? Na onyo linalomhusu mstaafu wa Ipagala kwa nini linaandikwa kwa Kiingereza, tena mwishoni mwa meseji?

Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mteja aanze kulalamika kwa benki yake, na asiporidhika apeleke lalamiko Benki Kuu. Barua ya kwanza imepokelewa na kugongwa muhuri. Nakala ya pili ameshaichapa, iko kwenye bahasha, na kutoka Ipagala hadi Benki Kuu atakwenda kwa daladala.